Kenya, Uganda: Jinsi wahudumu wa tiba ya nyuklia wanavyopimwa mionzi

Mpigapicha wa eksirei akizima mashine, mionzi hukoma. Mhudumu wa tiba ya nyuklia hana swichi hiyo: dawa anayoivuta kwenye bomba la sindano hutoa mionzi wakati wote, na mgonjwa akishadungwa, naye huwa chanzo cha mionzi kwa muda. Ndiyo hali ya kazi Mulago, Kampala, na katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu na Nairobi, yenye saiklotroni yake ya kuzalishia dawa hizo.

Kipimo cha msingi ni kifaa kidogo kinachovaliwa kifuani. Ndani yake huwa na chembe, mara nyingi za lithiamu floridi, ambazo zikipashwa moto maabara hutoa mwanga unaolingana na mionzi zilizopokea. Kwa kawaida husomwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Kifaa hicho hakimkingi mtu. Huweka kumbukumbu tu. Usimamizi uko chini ya Baraza la Nishati ya Atomiki nchini Uganda, kwa sheria ya mwaka 2008, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2019.

Viwango vya kimataifa huweka ukomo wa wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka 5, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote. Kwa mikono, ukomo ni 500.

Mikono ndiyo penye utata. Kifaa cha kifuani chaweza kuonyesha kiasi kidogo ilhali ncha za vidole zimepokea kingi. Kwa hiyo anayeandaa dawa huvaa pia pete ya kupimia kwenye shina la kidole cha shahada, katika mkono asioutumia zaidi, upande wa kupimia ukielekea kiganjani. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Ulaya ulipendekeza usomaji wa pete hiyo uzidishwe mara 6 ili kukadiria sehemu ya mkono iliyopokea mionzi mingi zaidi. Pete ikionyesha 100 kwa mwaka, ukomo huenda umeshavukwa.

Florini-18 huongeza uzito wa jambo hili, kwa kuwa nishati ya mionzi yake inakaribia mara 4 ya ile ya teknetiamu-99m. Koti la risasi la chumba cha eksirei husaidia kidogo sana hapo. Kinachofaa ni kuzungushia bomba la sindano kinga ya tangsteni na kufanya kazi haraka.

Iodini-131 ni suala jingine. Huweza kuvutwa kwa pumzi na kutulia katika tezi ya shingo, hivyo shingo yenyewe hupimwa.

Usomaji wa sifuri kwa anayegawa dawa kila siku haupaswi kupokewa kama habari njema: mara nyingi kifaa kilibaki kabatini.

Mhudumu akiarifu kuwa ni mjamzito, kiasi kinachoruhusiwa kumfikia mtoto tumboni ni milisiveti 1 kwa muda uliosalia wa ujauzito. Mwajiri hubadilisha majukumu yake, na taarifa hiyo haiwi sababu ya kumwondoa kazini.