Tarehe ya Watunzi wa Ziwa, na Jinsi Kitabu cha Myombekere Kilivyopita Mikononi Mwao

Watu wa Mwanza mjini wamezoea kutuuliza sisi wa Sengerema tuna nini katika habari za utunzi. Ukerewe, wanasema, wana Kitereza na Kezilahabi. Bukoba wana Mulokozi. Ninyi mna pamba, mna dagaa, mlikuwa na kivuko cha Busisi, na tangu tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alipozindua Daraja la JPM hata kivuko hicho mmekikosa. Hutucheka, kisha huvuka darajani kuja kununua mihogo kwetu.

Basi hii ni tarehe ya hadithi za mapenzi ya kale katika ziwa letu, na ya wale walioshikana mikono kuzitoa. Nimeiandika nikiwa na madai mawili, nami sitayaficha. La kwanza ni kwamba shina la kazi hii ni Aniceti Kitereza, wala si Rosa Mistika ya Kezilahabi ya mwaka 1971 kama wanavyokariri walimu wa sekondari. La pili ni kwamba kitabu cha Kitereza hakikutoka kwa mkono mmoja, na njia kiliyopita imegusa mwambao wetu zaidi ya mara moja.

Asili yenyewe ni hii. Watawala wa Ukerewe walikuwa Wasilanga. Mkuu wao aliyewaleta alikuwa Katobaha, naye alitoka Ihangiro, upande wa Bukoba, katika karne ya 17 kwa hesabu za wanahistoria. Wazee wa Ukerewe hawabishani juu ya hilo, nasi hatubishani nao. Tunachouliza ni kimoja tu. Mtu atokaye Ihangiro kwenda Ukerewe anapita wapi? Akienda kwa miguu, anaikata Uzinza, upande wetu huu. Akienda kwa mtumbwi, ana Maisome na Kome ubavuni mwake. Hana njia ya angani. Ndiyo maana Mzinza wa Buchosa akimsikia Mkerewe akisema, hahitaji mkalimani. Kizinza, Kikerewe na Kihaya ni lugha za tumbo moja, na hata leo katika visiwa vya Buchosa utawakuta Wazinza, Wakerewe, Wakara na Wajita wakivua pamoja na kugombana pamoja.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Babu yake alikuwa Omukama Machunda, mtawala wa Ukerewe, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, akalelewa katika boma la Omukama Mukaka, wa ukoo huohuo. Huko ndiko alikosikia mashauri ya wazee, kesi za ndoa, maneno ya wagomvi na maneno ya wapatanishi. Kisha misheni ya Kagunguli ikampa kalamu. Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kutua Bukumbi mwaka 1883, ng'ambo tu ya Busisi, kwa hiyo hata elimu ile ilianza mbele ya macho yetu kabla haijafika visiwani. Kutoka Kagunguli alipelekwa seminari ya Rubya, akakaa huko miaka kumi hivi akijifunza Kilatini, Kijerumani na mambo ya falsafa. Na Rubya iko wapi? Iko Ihangiro. Mjukuu wa Wasilanga alirudishwa na mapadri mahali alikotoka Katobaha. Wenye kuamini kwamba mambo hujiendea tu, wajieleze hapo.

Hakuwa padri. Alitoka seminari, akamwoa Anna Katura. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kitabu kilipotungwa mimba. Watoto wao wote walifariki. Kila mtu wa mwambao huu anajua ndugu wa mume husema nini katika hali hiyo: oa mwingine. Walimwambia hivyo. Alikataa. Alibaki na Anna Katura wake, Mkatoliki na mke mmoja, wakazeeka pamoja, viungo vikiwauma wote wawili. Asiyelijua hilo atasoma habari za Myombekere akadhani ni kitabu cha mila tu.

Maana hadithi yenyewe ni hii. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mwanamke, maneno yanawafika wakwe, wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao wanarudi naye kwao. Myombekere anabaki na nyumba isiyo na moto. Wanaume wengi wangeoa mwezi uleule. Yeye anamfuata mkewe ukweni, anakaa chini, anaomba, anakubali kosa la ndugu zake kana kwamba ni lake, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Kitereza hana haraka na pombe hiyo. Anakueleza ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani anaitwa kusaidia, chombo gani kinabebwa na nani, salamu zipi zinatolewa mlangoni. Wasomaji wa mjini hulalamika kwamba kurasa hizo ni ndefu. Aliyewahi kupika rubisi ya kulipia faini ukweni hatalalamika. Huyo anajua kwamba kila siku ya kuivisha ndizi ni siku ya kukaa bila mke, na kwamba mume anapimwa kwa subira kabla hajapimwa kwa pombe. Baada ya hapo ndipo wanakwenda kwa mganga, dawa zinanywewa, anazaliwa Ntulanalwo, kisha binti yao Bulihwali, na habari zinaendelea kwa watoto hao mpaka utu uzima wao. Ni hadithi zilizofungamana za nyumba moja, mapenzi yakishuka kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, zote katika ziwa la kabla ya Mzungu. Katika juzuu mbili nzima, huyu mwanafunzi wa Kilatini hakumleta Mzungu kuja kuwasuluhisha watu wake.

Aliyemsukuma aandike alikuwa Padri Almas Simard, wa Mapadri Weupe. Simard aliona mila zinazeeka na wenye kuzijua, akamtaka Kitereza aziweke katika maandishi. Kitereza angeweza kuandika orodha ya mila, kama walivyoandika wengi wa misheni. Aliamua kuzitia katika hadithi, ili msomaji afuate watu na mila zimfuate yeye. Uamuzi huo ni wa Kitereza peke yake, na ndio unaomfanya shina. Mwaka 1945 muswada ulikuwa umekwisha, kwa Kikerewe. Simard alichukua jukumu la kuutafutia njia ya kuchapwa, hata kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla kitabu hakijatoka. Kikerewe kilikuwa na wasemaji wachache, na mchapaji hana huruma na lugha ya wachache. Muswada ukakaa.

Niache kitabu kidogo niseme habari ya mvua, kwa kuwa kuna mtu wa Geita aliyebisha kwamba watawala wa Ukerewe walikuwa machifu wa kawaida tu. Hawakuwa hivyo. Omukama wa Ukerewe alikuwa mwenye mvua. Ukame ukizidi, kiti chake kinatikisika. Msafiri wa Kizungu Stanley alipopiga kambi Kageye mwaka 1875 na kuitia majini mashua yake Lady Alice, alihitaji mitumbwi ya kuwavusha watu wake kwenda Uganda, akaenda kuiomba kwa Lukonge, Omukama wa Ukerewe wakati huo. Lukonge hakumwuliza habari za bunduki peke yake. Alitaka afundishwe siri za Ulaya, zikiwamo siri ya kumgeuza mtu simba na siri ya kuiamuru mvua. Stanley aliandika jambo hilo kama kichekesho. Kwetu si kichekesho. Mtawala aliulizia maarifa ya kazi yake, kama fundi mashua anavyomwuliza fundi mgeni kuhusu gundi. Mitumbwi alitoa. Wajerumani walipokuja kukifasiri kitabu cha Kitereza, juzuu ya kwanza waliipa jina la watoto wa wenye kuleta mvua. Mtu wa Geita akasome jalada lake.

Turudi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Gerald alikuwa akitafiti historia ya Wakerewe na biashara ya masafa marefu, na kitabu chake kuhusu mambo hayo kilitoka mwaka 1976. Walimkuta Kitereza mzee, muswada wake umelala zaidi ya miaka 20. Wao ndio waliomshauri aufasiri kwa Kiswahili, maana Tanzania ya wakati ule ilikuwa na wachapaji wa Kiswahili na wasomaji wa Kiswahili. Mzee akaketi tena, vidole vikimuuma, akaandika kitabu chake mara ya pili. Mwaka 1972 Gerald na Charlotte walimtangaza kwa makala katika jarida la wataalamu wa fasihi ya Afrika. Muswada wa Kiswahili ukapokewa na Tanzania Publishing House (TPH), iliyokuwa chini ya Walter Bgoya, mtu wa Ngara. Kwa hiyo mlango uliofunguka Dar es Salaam ulifunguliwa na mtu wa magharibi ya ziwa, si wa pwani. Naomba hilo liandikwe.

Kitabu kilichapwa China kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, kikiwa na mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa hazijamfikia. Tangu 1945 hadi siku hiyo ni miaka 36.

Waliofuata nawataja kwa kifupi. Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani, juzuu mbili, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Simon Baguma Mweze na Olivier Barlet walikitia katika Kifaransa kuanzia mwaka 1996. Gabriel Ruhumbika, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1938 na mwandishi wa riwaya zake mwenyewe, alikifasiri kwa Kiingereza, kikatolewa mwaka 2002 na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Bgoya huyohuyo baada ya kuiacha TPH.

Hapo kuna ugomvi, nami ninaupenda. Möhlig alifasiri kutoka Kiswahili. Ruhumbika alirudi kwenye Kikerewe. Wafuasi wa Ruhumbika wanasema Kikerewe ndicho kitabu, na Kiswahili ni kivuli chake. Ninawaheshimu, ila siwafuati. Kiswahili kile hakikuandikwa na mfasiri wa kukodiwa. Kiliandikwa na mwenye kitabu, akiwa na uzee wote na misiba yote aliyokuwa hajaipata alipoandika mara ya kwanza. Mtunzi akitunga mara mbili, ana vitabu viwili, na vyote ni halali. Tena cha Kiswahili ndicho kilichotufikia Sengerema, Geita na Bukombe. Mkerewe asituambie kwamba tulichosoma si chenyewe.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akaandika Rosa Mistika, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, na riwaya nyingine tano, akafariki Dar es Salaam Januari 2020. Ninamwandikia mstari huu mmoja kwa sababu wengine wamemwandikia tasnifu, na pia kwa sababu Rosa ni msichana wa zama za shule za bweni na barua za mapenzi. Si hadithi ya kale. Anayeanzia tarehe kwake ameruka kizazi kizima.

Ushirikiano mwingine unaostahili nafasi ni wa Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi. Mmoja Mhaya, mmoja Msumbwa. Hakuna kitu kati yao ila Biharamulo na Uzinza. Mwaka 1976 walitoa pamoja diwani ya Malenga wa Bara. Jina hilo lilikuwa uchokozi, nao walijua. Wakati ule wakubwa wa ushairi wa pwani walikuwa wakisema kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi, na kwamba Kezilahabi na Kichomi yake ya 1974 wameharibu mambo. Vijana hawa wawili wa bara wakaweka mashairi ya vina na yasiyo na vina katika jalada moja. Miaka michache baadaye wakarudi, wawili tena, na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, safari hii wakitoa hoja zao kwa nadharia. Pwani walijibu kwa ukali. Katika diwani yao huwezi kusema mkono wa nani uliiinua bara zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Mulokozi baadaye akageukia historia kwa vijana, akatoa hadithi tatu zilizofuatana, Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi, kwa hiyo ile kazi ya Kitereza ya kuwapa watu wa kale nyumba katika kitabu haikukatika. Kahigi akashika lugha. Alitengeneza kamusi ya Kisumbwa, lugha ya jirani zetu wa magharibi, ili mtu wao akitaka kuandika kama Kitereza asilazimike kuanza na kalamu ya padri. Mwaka 2010 Bukombe walimpeleka bungeni kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa hadi 2015, alipofuatiwa na Doto Biteko.