Mabao Sita ya Julai 1977

Tarehe 19 Julai 1977, Simba iliifunga Yanga mabao sita bila majibu katika mechi ya ligi. Abdallah Kibadeni alifungua hesabu dakika ya 10. Dakika ya 20 Selemani Sanga wa Yanga akajifunga, na kabla ya mapumziko, dakika ya 42, Kibadeni akarudi tena kwenye nyavu. Kipindi cha pili kikawa cha Jumanne Hassan, yule aliyejulikana zaidi kwa jina la Masimenti, aliyepachika mawili, dakika ya 60 na ya 73. Watu walipodhani yamekwisha, Kibadeni akamalizia la sita dakika ya 89.

Hakuna kipigo kikubwa kuliko hicho katika mechi za ligi za watani hao wa jadi. Simba ilikaribia kukirudia tarehe 6 Mei 2012 iliposhinda 5-0, siku ambayo hata mlinda mlango Juma Kaseja alifunga kwa penalti. Yanga nayo ilijibu kwa 5-1 Novemba 2023. Sita bado ni sita, na mabao matatu ya Kibadeni katika mechi moja ya watani bado yanasimama peke yake kwenye ligi.

Wana Msimbazi, yaani watu wa Simba, wana haki ya kujivunia siku hiyo. Ila anayeisimulia kwa kuhesabu mabao tu anaacha nje nusu ya habari, kwa sababu Yanga iliyoingia uwanjani siku ile haikuwa Yanga iliyokuwa ikitisha nchi miaka michache kabla. Kilichoibomoa hakikuwa miguu ya Kibadeni peke yake. Ulikuwa ugomvi wa wanachama.

Yanga ilizaliwa Februari 1935, na klabu tunayoiita Simba ikafuata mwaka 1936. Simba ilipitia majina kadhaa, ikakaa muda mrefu na jina la Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipoliacha baada ya Rais wa Zanzibar, Abeid Amani Karume, kuhimiza klabu ziachane na majina ya kigeni. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ilikuwa bingwa wa kwanza, ikautetea ubingwa huo mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ukaenda kwa Cosmopolitan. Baada ya hapo Yanga ikatawala: ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972.

Utawala huo ulianza na kipigo ambacho leo kinasahaulika kirahisi. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0. Maulid Dilunga alifunga mawili, la kwanza kwa penalti, Salehe Zimbwe akaongeza mawili, na Kitwana Manara akafunga moja. Machi 1969 Sunderland ikasusia mechi na Yanga ikapewa pointi. Vituko vya namna hiyo si vya jana.

Soka la miaka hiyo lilikuwa la ridhaa. Mchezaji hakuwa na mkataba wa kumfunga kwenye klabu wala mshahara wa kumlisha mwezi mzima. Alifanya kazi kiwandani, benki, kwenye shirika la umma au jeshini, kisha jioni akaenda mazoezini. Klabu ilimpa jezi, kambi na chakula kabla ya mechi kubwa, pamoja na heshima ya mtaani ambayo haikuwa na bei. Mali ya klabu ilikuwa ya wanachama, na wanachama ndio waliokuwa na neno la mwisho. Mfumo huo ulijenga mapenzi ambayo fedha haziwezi kuyanunua. Ulikuwa pia na hatari yake: wachezaji wakichukia, hapakuwa na karatasi ya kuwazuia kuondoka.

Wachezaji wa Yanga waliondoka kweli, lakini kabla ya hapo walitoa mechi ambayo wazee wengi wa soka wanaiweka juu ya nyingine zote. Ilichezwa Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974, mbali na kelele za Kariakoo, na ndiyo iliyoamua ubingwa wa taifa. Simba, bingwa mtetezi, ilitangulia kwa bao la Adam Sabu dakika ya 16, ikalilinda karibu mchezo mzima. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Gibson Sembuli akasawazisha. Zikaongezwa dakika, na katika dakika ya 97 Sunday Manara, yule waliyemwita Computer, akafunga la pili. Yanga ikarudi nyumbani kwake Jangwani na kombe. Manara huyo baadaye alivuka bahari kwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi.

Miaka miwili tu baada ya Nyamagana, nyumba ikagawanyika. Wanachama wa Yanga walitengana pande mbili, Raizoni na Kandambili, majina yaliyochukuliwa kwenye viatu vya wakati ule. Mwaka 1976 kundi kubwa la wachezaji likatoka na kuanzisha Pan African. Haikuwa timu ya kujaza ratiba. Mwaka 1982 ilitwaa ubingwa wa taifa, na ndani yake walicheza watu kama Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na mlinda mlango Juma Pondamali, ambao wote walikwenda Nigeria na Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980, mara ya kwanza kwa Tanzania kufika huko.

Simba ikanufaika. Ilichukua ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980, ikilipa deni la miaka ile ya Yanga. Vijana wa Jangwani waliopigwa sita mwaka 1977 walikuwa wamebeba jezi nzito ya watu waliokuwa wamehamia mtaa wa pili, na kuwacheka bila kulijua hilo ni kuwaonea. Wala Kibadeni hapungukiwi kitu kwa ukweli huo. Mpinzani awe imara au dhaifu, mabao matatu dhidi ya mtani hayaji kwa bahati, na mtu yule alikuja kuthibitisha akili yake ya mpira tena mwaka 1993, akiwa kocha, alipoifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF.

Kumbukumbu zetu zinajua dakika ya kila bao la siku ile. Kinachokosekana ni watu wenyewe: walifanya kazi wapi, walisafiri vipi hadi Mwanza, nani alibaki Yanga wakati wenzake wanaondoka na kwa nini alibaki. Wengi wao wameshafariki, akiwemo Sembuli. Waliobaki ni wazee, na wengine wanakaa mitaa ileile ya Ilala, Kariakoo na Magomeni. Simba na Yanga za leo zina idara za habari, kamera na mamilioni ya wafuasi mtandaoni. Ziwatafute wazee hao, wa upande wowote, ziwarekodi kwa sauti na picha, ziziweke rekodi hizo mahali ambapo mwandishi na mwanafunzi wanaweza kuzifikia. Na msomaji mwenye picha ya timu ya baba yake ukutani, aandike nyuma yake majina na mwaka sasa hivi.