Makabati ya jikoni ya bei nafuu: yanadumu muda gani huku kwetu pwani?

Malipo ya ufuta yakishaingia, familia nyingi hapa Pande hukaa chini kupanga matumizi: bati, tangi la maji, mahitaji ya shule na, siku hizi, makabati ya jikoni. Wasikilizaji wetu wamekuwa wakituuliza swali moja kwa maneno tofauti. Haya makabati ya kisasa ya bei nafuu, yanayoletwa vipande vipande kutoka Dar es Salaam au kuungwa na fundi wa Kilwa Masoko, yanadumu kweli?

Jibu fupi ni hili: kinachoua kabati si umri wake, ni maji. Kabati la bei ndogo likikaa pakavu linaweza kutumika miaka mingi. La bei kubwa likikaa kwenye unyevu linaweza kuharibika ndani ya msimu mmoja wa mvua. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, na nini cha kukagua kabla hujatoa pesa.

Makabati ya vipande ni yapi?

Zamani seremala alitengeneza kabati moja kubwa akalileta likiwa zima. Makabati ya sasa ni masanduku yenye vipimo vinavyolingana. Kila sanduku hutengenezwa peke yake, kisha yote hupangwa ukutani na kuunganishwa kwa skrubu, na juu yake huwekwa meza moja ndefu. Wazo hili lilipata umaarufu Ujerumani. Mwaka 1926 mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, na majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yakafungwa.

Faida yake ni kwamba unaweza kuanza na masanduku mawili mwaka huu ukaongeza mengine mwakani. Kasoro ni kwamba mengi ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao za kiwandani zilizokusudiwa vyumba vikavu. Jiko la pwani si chumba kikavu. Kuna mvuke wa sufuria, kuna hewa ya chumvi, kuna sakafu inayomwagiwa maji kila siku, na kuna masika.

Ndani ya ubao kuna nini?

Usidanganywe na ngozi ya juu inayong'aa. Muombe fundi akuonyeshe ubao ulipokatwa. Hapo utaona mojawapo ya hizi:

Chipbodi. Ni vipande vidogo vya mbao vilivyogandamizwa kwa gundi na joto. Ukiitazama pembeni utaona punje na matundu. Ndiyo rahisi zaidi kwa bei, na ndiyo inayonywa maji haraka zaidi. Ikishavimba hairudi kama ilivyokuwa, hata ukiianika juani wiki nzima.

MDF. Ni nyuzi laini za mti zilizogandamizwa kwa gundi. Pembeni haina punje, ni laini kama kadibodi ngumu. Inafaa kwa milango kwa sababu inapakika rangi vizuri, lakini nayo huvimba ikilowa.

Plaiwudi. Ni karatasi nyembamba za mbao zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likipishana na jingine. Inashika skrubu vizuri zaidi na inavumilia unyevu zaidi, mradi gundi yake iwe nzuri.

Marini bodi. Ni plaiwudi yenye ngozi ya kahawia au nyeusi, ile ambayo mafundi wa zege huitumia kufungia nguzo. Jina lake linawafanya watu wengi wadhani haishindwi na maji. Si kila marini bodi iko hivyo. Ngozi ya juu inazuia maji, lakini ukingo uliokatwa kwa msumeno uko wazi kama ukingo wa ubao mwingine wowote.

Zipo pia chipbodi na MDF zilizotengenezwa kuvumilia unyevu. Nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani ili zitambulike. Rangi hiyo ni alama tu, kinachosaidia ni gundi. Kwa hiyo usinunue kijani kwa macho peke yake.

Jaribio la ndoo

Hili halihitaji mtaalamu. Muombe fundi vipande viwili vya mabaki, kimoja cha ubao wa bei ndogo na kimoja cha ubao wa bei ya juu. Pima unene wa kila kimoja kwa rula na uandike. Vizamishe kwenye ndoo ya maji, weka jiwe juu yake, uviache hadi kesho yake saa ile ile. Vitoe, pima tena, kisha jaribu kumenya kingo kwa ukucha.

Maabara za Ulaya hupima mbao za aina hii kwa njia inayofanana na hiyo: kipande hulazwa majini saa 24 na unene hupimwa kabla na baada. Ubao uliovimba sana na kuanza kumomonyoka usiuweke karibu na sinki. Fundi akikataa kukupa kipande cha kujaribu, umeshapata jibu.

Uharibifu huanzia wapi?

Hata sisi hapa studio tumelilipia somo hili. Kabati letu la vyombo vya chai lilikuwa chini ya sinki. Bomba likaanza kuvuja tone kwa tone, tukaweka ndoo, tukasahau. Masika moja tu ilitosha. Ubao wa chini ulivimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na mlango ukakataa kufunga.

Sehemu za kwanza kuharibika karibu kila mara ni zile zile:

Chini, ubao unapogusa sakafu. Kila ukipiga deki, ubao unakunywa. Kabati lisimame juu ya miguu ya plastiki au juu ya kitako cha zege cha sentimita kumi hivi.

Karibu na sinki. Tundu lililokatwa kwa ajili ya sinki na bomba huachwa wazi na mafundi wengi. Lipakwe rangi ya mafuta au vanishi, kisha lizibwe kwa silikoni.

Kingo. Utepe wa pembeni ukibanduka, maji yana mlango. Kagua hata kingo za nyuma na za chini, ambazo hazionekani.

Bawaba. Hewa ya bahari hula chuma. Chukua sumaku ndogo dukani. Ikinasa kwa nguvu kwenye bawaba ya kawaida, mara nyingi hicho ni chuma kilichopakwa tu, na kitashika kutu. Bawaba za shaba au chuma kisichoshika kutu zinazidi bei, lakini ndizo zinazobeba mlango kila siku.

Ukuta. Ukuta unaopandisha unyevu hulowesha mgongo wa kabati. Acha nafasi ndogo ya hewa kati ya ukuta na kabati. Hapo ndipo mchwa pia hupita, kwa hiyo mulika kwa tochi mara kwa mara. Usipake oili chafu ndani ya kabati la chakula. Sumu na harufu yake havifai karibu na unga na vyombo.

Kama bado unapikia kuni au mkaa chumba hicho hicho, weka kabati mbali na moto. Joto hubandua ngozi ya ubao kabla maji hayajafika.

Vipi kuhusu mbao za kwetu?

Wilaya ya Kilwa ni nchi ya mbao. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na ikawa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho. Mninga na mkongo huvumilia unyevu na wadudu kuliko chipbodi yoyote, na kabati lake likiharibika linarandwa na kuungwa upya.

Lakini kuna mambo mawili. Mbao mbichi hujikunja, na mlango uliokuwa umenyooka Januari unakuwa umepinda Julai. Uliza zimekaushwa muda gani. Pili, mbao ziwe na hati zake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inabana uvunaji na usafirishaji. Mbao za usiku zisizo na hati zinaweza kukamatwa pamoja na pesa yako, na kijiji kinakosa haki yake.

Njia ya kati: tofali chini, mbao mlangoni

Kwa wenye bajeti ndogo, hii ndiyo tunayoiona ina faida zaidi. Fundi uashi anajenga vigawanyo vya tofali na kumwaga zege jembamba lenye nondo juu yake kama meza, kisha anapiga plasta au marumaru. Seremala anatengeneza fremu na milango tu. Maji yakimwagika, yanapanguswa. Baada ya miaka mlango ukichoka, unabadilisha mlango peke yake. Kuhifadhi vitu ndani ya ukuta si jambo geni pwani: nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na zidaka zake. Ubaya wa njia hii ni mmoja, ukihama huwezi kuhama nalo.

Piga hesabu kwa mwaka

Usiulize bei tu, gawa bei kwa miaka. Tuchukue mfano. Kabati la shilingi 400,000 likiharibika baada ya miaka 3, umelipa zaidi ya 133,000 kila mwaka. La shilingi 900,000 likidumu miaka 15, umelipa 60,000 kwa mwaka. Weka bei za fundi wako na ufanye hesabu hiyo hiyo. Ongeza pia usafiri na upatikanaji wa vipuri. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi hapa wilayani Kilwa, wengi tulikumbuka kwamba kitu kinachotegemea kipuri cha mbali kina gharama iliyojificha.

Kama tayari unalo

Skrubu ya bawaba ikilegea kwenye chipbodi, usipige msumari. Panua tundu kidogo, gongomea kijiti cha mti mgumu chenye gundi ya mbao, acha kikauke, kisha rudisha skrubu. Rafu ndefu iliyolemewa na sufuria iongezewe nguzo katikati. Kwa chipbodi, nafasi inayozidi sentimita 60 hivi huanza kubonyea. Bomba linalovuja litengenezwe siku hiyo hiyo, si wiki ijayo.

Mwulize fundi kabla ya kulipa

Ubao huu ni aina gani, na ninaweza kuona ulipokatwa? Kingo zote zimefunikwa, hata za chini? Kabati litasimama juu ya nini? Bawaba ni za chuma gani? Ukiharibika mlango mmoja, utautengeneza kwa bei gani? Andikishianeni majibu kwenye karatasi na wote wawili mtie saini. Lipa malipo ya mwanzo, na baki ya pesa itoke makabati yakishafungwa na wewe umefungua na kufunga kila mlango kwa mkono wako.