Mikopo ya akina mama Lamu: mbona haitoshi?

Kila kampeni ahadi ni ile ile: "Akina mama wa visiwani tutawapa mikopo." Makofi, picha, boti hizo zaondoka. Uzi huu ni kwa wale wanaouliza mbona biashara za wanawake wa Mbwajumali, kisiwani Pate, hazikui.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya Vita vya Shifta (1963–1967), Wabajuni wa visiwani walilima bara, ng'ambo ya maji. Mavuno yalivushwa kwa mashua. Vita vilipoingia, vijiji vya bara vikahamwa, watu wakakimbilia visiwani. Vita viliisha kwenye karatasi, lakini wengi hawakurudi tena, na mashamba waliyoyaacha hawakuwa na hati zake. Sasa mwambie mjukuu wa mkulima yule apeleke hati benki iwe dhamana. Hati ipi?

Ikabaki bahari. Na hapa ndipo wengi mtandaoni hukwama: wanamhesabu mvuvi, wanamsahau mama anayenunua samaki alfajiri akawakaanga, au akawaanika wawe ng'onda. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa. Mwezi uliofuata Lamu ikawekewa kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Sababu ya usalama ilikuwepo, tusijifanye. Watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi yale. Lakini jarife hutegwa usiku. Mume asipolala baharini, beseni la mke ni tupu asubuhi. Na ikija hesabu ya hasara, mvuvi angalau ana chombo cha kuonyesha. Mama aliyekuwa akichukua samaki kwa deni ataonyesha nini?

Basi turudi kwenye mikopo. Hazina ya serikali ya wanawake ilianza 2007. Hukopesha vikundi bila riba, ila kuna ada ya usimamizi, na kwa Waislamu wengi hiyo ada yenyewe ni mjadala: riba au si riba? Halafu kikundi kisajiliwe, na kila mwanachama awe na kitambulisho. Wabajuni kwa miaka mingi walihojiwa zaidi ya Wakenya wengine kabla ya kupewa kadi hiyo, ati huenda wametoka Somalia. Kwa hivyo mama anaweza kuwa na wateja, ana jiko, ana mkono mzuri wa biashara, na fomu ikamshinda kwenye mstari wa kwanza tu.

Mgombea akitaja mikopo tena, muulize kwanza kuhusu vitambulisho na zile ardhi za bara. Mkisikia jibu, wekeni hapa chini.