Kilio na macho makavu

Ukavu wa macho ni hali ya kudumu ambayo machozi hayatoshi kulilowesha jicho, au yapo ya kutosha lakini hayakai juu yake. Makala hii inaeleza yanayompata mwenye hali hiyo anapolia, kwa mifano ya Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara nchini Tanzania.

Jina lenyewe lina tatizo. Katika Kiswahili cha kila siku, mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya: amekukopa, hajakulipa, na leo amerudi kukopa tena huku anakutazama usoni. Mgonjwa akiambiwa hospitalini kwamba ana macho makavu, si ajabu akahisi ametukanwa. Tena wengi hawaamini, kwa sababu kilichowapeleka kwa daktari ni macho yanayochuruzika machozi kutwa.

Machozi si ya aina moja

Kuna machozi ya kulinda jicho, yanayotoka kidogo kidogo usiku na mchana bila mtu kujua. Kuna yanayotoka jicho likichokozwa na kitunguu, moshi au vumbi. Na kuna ya huzuni na furaha, ambayo amri yake hutoka kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia. Aina hizi mbili za mwisho hutoka kwa wingi kwenye tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho, upande wa sikio. Machozi ya kulinda huchangiwa zaidi na vitezi vidogo vilivyotapakaa ndani ya kope.

Utando wa machozi una ute unaoshikamana na jicho, maji, na mafuta juu yake yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizopangana ukingoni mwa kope, zenye jina la Heinrich Meibom, tabibu Mjerumani aliyezieleza mwaka 1666. Jicho lenye afya hubeba machozi kama mikrolita 7 tu kwa wakati mmoja. Tone moja la dawa ni mikrolita 30 hadi 50, ndiyo maana tone la pili likifuata papo hapo huishia shavuni.

Machozi ya kilio ni maji zaidi kuliko kitu kingine. Yanapofurika huchukua mafuta na ute, kama mvua kubwa inavyokokota udongo wa juu shambani. Yakishapita, sehemu yakashuka kwenye vitundu vya pembe ya jicho na kuingia puani (hiyo ndiyo kamasi ya mtu anayelia), jicho hubaki na utando mwembamba unaopasuka upesi. Kwa hiyo mwenye macho makavu anaweza kuona nafuu wakati analia, na dakika chache baadaye macho yakachoma, yakawa mekundu, kope zikavimba, na kila akipepesa akahisi ana mchanga. Kufikicha huzidisha. Imani kwamba kulia sana hulainisha macho yaliyokauka haina msingi.

Wawili kwenye mkeka mmoja

Msibani, tuseme mtaa wa Bagara au Maisaka, wanawake wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Nyuma ya nyumba masufuria makubwa yako juu ya mafiga, na upepo ukigeuka moshi wa kuni huingia turubaini. Mama mmoja macho yanamwagika hata kabla mwili haujafika. Anaambiwa, “Jikaze, dada, kazi ya Mungu,” naye anaitikia, ingawa kilichomliza ni moshi. Utando wake wa machozi ni dhaifu, neva za jicho zinalalamika, na tezi kubwa inajibu kwa mafuriko. Hii ndiyo sura ya kawaida ya ugonjwa, na ndiyo inayowachanganya watu.

Pembeni yake kuna aliyefiwa hasa. Analia kwa kwikwi, mabega yanatikisika, sauti imekauka, lakini khanga anayojifutia haina unyevu. Huyu tezi zake zenyewe zimeharibika. Mfano unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Sjögren, wenye jina la daktari Mswidi Henrik Sjögren aliyeueleza mwaka 1933: kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate. Mgonjwa hushushia ugali kwa maji kila tonge, na mara nyingi viungo humuuma. Wengi wa wagonjwa ni wanawake wa makamo. Atakayemnong'ona kwamba hakumpenda marehemu atakuwa amemdhulumu; huzuni ipo, kilichokosekana ni maji.

Daktari huwatofautisha wawili hawa kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa kipimo cha Otto Schirmer cha mwaka 1903: kikaratasi chenye upana wa milimita 5 huning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, machozi ni haba.

Mazingira ya Babati

Mji uko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma, chini ya Mlima Kwaraa. Ziwa lipo hapo hapo, na viboko wake, lakini haliwasaidii macho watu wa mjini kiangazi kinapokaza. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo ni mkavu, na msimu huo huo ndio wa kupukuchua mahindi na kupura mbaazi, kazi zenye vumbi linaloingia kila tundu. Dereva wa bodaboda asiyevaa miwani hukausha macho kwa mwendo tu. Vidonge navyo vina sehemu yake: Piriton inayonunuliwa kwa mafua na mzio hupunguza machozi, na amitriptilini, ambayo pengine mtu ameandikiwa kwa sababu ya huzuni, hufanya vivyo hivyo.

Katika wilaya za Kiteto na Simanjiro, mkoani humo humo, chanzo kingine ni trakoma, au vikope. Makovu ya trakoma huua chembe za ute na kuziba mifereji ya machozi, kisha kope hujikunja na nywele zake hukwangua konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho. Jicho la namna hiyo ni kavu na linalia siku zote. Wagonjwa wengi huzing'oa nywele hizo kwa kibano. Zikiota tena huchoma upya, na tiba ya kudumu ni upasuaji mdogo wa kope. Kongwa, wilaya ya Dodoma inayopakana na Kiteto, ndiko ulikofanyika utafiti wa kunawisha watoto nyuso uliochapishwa mwaka 1995. Trakoma huenezwa na uchafu wa macho, hivyo kwa waombolezaji somo lake ni la karibu: kitambaa kimoja kisipite uso kwa uso.

Mtoto ni habari nyingine. Mtoto mchanga wa wiki za kwanza hulia bila machozi na hana ugonjwa. Mtoto mkubwa kidogo anayeharisha, akilia bila machozi, ameishiwa maji na anahitaji kupelekwa kituoni leo. Ukavu unaoambatana na kutoona gizani huashiria upungufu wa vitamini A.

Matunzo

Baada ya kilio, kitambaa safi kilichochovywa maji ya uvuguvugu huwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10 ili mafuta ya kope yalainike, kisha hutiwa machozi bandia. Maziwa ya mama, maji ya sukari na mkojo havina nafasi. Matone yenye deksamethasoni yasinunuliwe dukani kwa kukisia: huondoa wekundu haraka, na yakitumiwa ovyo huweza kuleta presha ya macho.

Maumivu makali, kuogopa mwanga, kuona ukungu au doa jeupe kwenye konea si mambo ya kusubiri matanga yaanuliwe. Mgonjwa wa Babati huanzia hospitali ya mji iliyoko Mrara au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Yakizidi, kuna hospitali ya KCMC mjini Moshi, kama kilomita 250. Na chupa ya machozi bandia ikishafunguliwa, kwa kawaida hutupwa baada ya siku 28 hata ikiwa imebaki nusu, hivyo andika tarehe kwenye lebo siku unayoifungua.