Bambu 2003: Yule tunayemwita "wazimu" ana historia



Mimi ni mtu wa agronomia. Si mwanahistoria, wala si munganga. Lakini leo naandika juu ya vita na juu ya kichwa cha mtu, sababu kwetu nyumbani vitu hivyo viwili viliingia kwa mlango mmoja, na mpaka leo havijatoka.

Nilizaliwa Bambu, kwenye vilima vya dhahabu vya Djugu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, wakati wa Leopold II, na kazi ya mgodi ndiyo ilijenga mji wetu. Wengi wenu mnaujua kwa jina la OKIMO: ofisi, nyumba za matofali, lopitali, masomo. Baba mdogo yangu alikuwa fundi wa mashine pale. Watu walimsifu kwamba akisikia mota inakohoa tu, anajua shida iko wapi.

Mwaka 2003 mimi nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka kidogo: kubebwa mgongoni, mvua, mtu ananiambia ninyamaze. Tulifika Bunia baadaye, tukapanga nyumba. Baba mdogo alikuja nyuma yetu, miezi kadhaa kupita. Alikuja mzima, mikono miwili, miguu miwili. Lakini hakuwa yule.

Usiku alipiga kelele. Mchana alikaa akitazama mlango, hakutaka mtu apite nyuma yake. Mota hakushika tena. Na kulikuwa na jambo moja la ajabu: hakuingia kamwe kwenye shamba la ndizi. Nyuma ya nyumba bibi alikuwa na migomba, na njia ya choo ilipita katikati yake. Baba mdogo alizunguka avenyi nzima ili afike choo kwa upande mwingine.

Kwenye kartie walikuwa na maelezo matatu. Wa kwanza walisema, "Ule mutu walimuloga." Wa pili walisema alikula dhahabu ya mapepo, sasa mapepo yanadai deni. Wa tatu walisema ni damu ya familia, "msioe pale." Maelezo hayo ya tatu ndiyo yaliumiza zaidi. Dada yangu mkubwa alikuwa na mchumba, siku ya kuleta barua ikapangwa, halafu upande wa kijana wakanyamaza. Hakuna aliyekuja kusema sababu. Tuliijua.

Walimpeleka kwenye chumba cha maombi. Akafungwa kamba kwenye nguzo, wakamnyima chakula, wakasema ni kufunga kwa ajili ya kufunguliwa. Alirudi na alama kwenye mikono ambazo vita haikumpa.

Na mimi? Nisijifanye mzuri. Nilipokuwa mwaka wa pili inivesite, wenzangu wa promosheni walikuja nyumbani kusoma. Baba mdogo akatuletea viti, kimoja kimoja. Mmoja akaniuliza, "Huyu mzee ni nani?" Nikajibu, "Ni sentineli wetu." Alikuwa nyuma yangu na kiti mkononi. Alisikia. Aliweka kiti chini, akaenda.

Tarehe 8 Julai 2019, kule La Haye, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimtia Bosco Ntaganda hatiani kwa makosa 18. Mwezi wa Novemba akapewa miaka 30. Kwenye simu watu walibishana kisiasa, kama kawaida yetu. Mimi nilitafuta neno moja tu ndani ya ile hukumu ndefu: Bambu. Nikalikuta. Walieleza mashambulizi ya wapiganaji wa UPC kule Lipri, Kobu na Bambu, mwezi wa Februari 2003. Mji wetu uliporwa, hata lopitali. Na kule Kobu watu wasiopungua 49 waliokamatwa waliuawa, maiti zao zikabaki kwenye shamba la ndizi.

Nilisoma mstari ule mara mbili. Halafu nikaenda kwa baba. "Baba, baba mdogo alifika Kobu?" Baba alikaa kimya, kisha akasema: "Alienda kuzika. Siku mbili. Majembe hayakutosha."

Miaka kumi na sita tuliishi naye nyumba moja, na hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa na uchawi, mapepo na laana ya damu, vyote tayari mdomoni. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni tarehe. Unyanyapaa unafanya hivyo: unamnyang'anya mtu historia yake. Jambo lililompata siku fulani, mahali fulani, kwa mikono ya watu fulani, linageuzwa kuwa tabia yake tangu tumboni.

Hata lugha yetu inatusukuma huko. Neno "wazimu" ni jirani wa "mzimu". Kabla hujamsikiliza mgonjwa, neno lenyewe limeshakuambia kwamba kuna kitu cha nje kimeingia ndani yake.

Lakini tusilaumu wazee peke yao. Wasomi pia walifanya kazi hiyo hiyo. Daktari Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kule Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu juu ya akili ya Mwafrika, kilichotolewa na OMS. Ndani yake alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Kenya ikatoa maandishi yake juu ya Mau Mau, yakieleza uasi kama shida ya kichwa. Ardhi iliyochukuliwa ikasahaulika. Kikabaki kichwa cha Mkikuyu. Frantz Fanon, munganga wa akili aliyefanya kazi kule Blida, Aljeria, alimjibu mwaka 1961. Alionyesha kwa mifano ya wagonjwa wake kwamba vita ya ukoloni yenyewe ndiyo ilizaa maradhi yale.

Na Wazungu hawakuwatendea vizuri zaidi watu wao. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza waliwapiga risasi askari wao 306 kwa kosa la kutoroka, uoga na mengine ya namna hiyo. Baadhi yao walikuwa wagonjwa wa vita, wanatetemeka, hawajui walipo. Msamaha ulikuja mwaka 2006, miaka karibu tisini baadaye. Ugonjwa wenyewe, ule ambao leo waganga wanauita mfadhaiko wa baada ya kiwewe, uliingia rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Kwa hiyo tusidhani kwamba Ituri tu ndiyo iko nyuma. Kila mahali watu walianza kwa kumwita mgonjwa mwoga au mwenye mapepo.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2010 watafiti waliuliza watu wazima 998 katika Ituri na Kivu zote mbili. Asilimia 50 walikuwa na dalili za ugonjwa huo wa kiwewe, na asilimia 41 walikuwa na dalili za huzuni kali. Mtu mmoja kwa wawili! Basi tukisema "familia ya wazimu", tunasema familia gani? Kwenye avenyi yenye nyumba ishirini, utaoa wapi?

Kuna jambo jingine la historia yetu ambalo vijana wengi hawalijui. Tarehe 24 Februari 2003, mwezi ule ule wa Kobu, Bogoro ilishambuliwa, na safari hii waliokufa walikuwa watu wa upande mwingine wa vita. Kwa kesi ya Bogoro, Germain Katanga alihukumiwa, na mwaka 2017 majaji waliwapa wahanga 297 dola 250 kila mmoja kama alama, pamoja na misaada ya pamoja, na msaada wa kisaikolojia ukiwemo. Watoto watano waliozaliwa baada ya shambulio waliomba nao watambuliwe, sababu walikua ndani ya maumivu ya wazazi wao. Mwaka 2018 majaji waliwakatalia: walikubali kwamba huenda maumivu yapo, lakini uhusiano na shambulio haukuthibitishwa.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 8 Machi 2021, katika kesi ya Ntaganda, majaji wa mahakama ile ile walikubali kwamba maumivu ya namna hiyo yanaweza kupita kutoka mzazi kwenda kwa mtoto na kuhesabiwa kuwa madhara. Walikubali pia kwamba mtu aliyethibitika kuwa alipitia shambulio mwenyewe achukuliwe kuwa ameumia rohoni, bila kudaiwa ushahidi mwingine wa jeraha hilo. Mambo yalirudishwa na rufaa, yakaandikwa upya mwaka 2023, na hilo likabaki.

Ona basi. Bogoro na Kobu, pande mbili ambazo bado hazikubaliani juu ya nani alianza, zimeandikiwa neno moja: jeraha. Mbele ya jaji wa mbali, baba mdogo ni mtu aliyeumizwa. Mbele ya jirani yake, ni mchawi au ni laana. Na vita haijaisha. Tangu mwisho wa 2017 Djugu inawaka tena, na masaiti ya madeplase yamejaa watoto wa umri niliokuwa nao mimi.

Sisi wenye lisanse tufanye nini? Sisemi tuwe waganga. Nasema tuache kwanza kazi ya kushuhudia uongo. Mtu akisema "amelogwa", uliza: alikuwa wapi mwaka ule? Nani alikufa mbele yake? Mgonjwa asifungwe kamba. Apelekwe kwa munganga, hata kama ni kwa nersi wa santa ya karibu. Sala ziendelee, lakini ale, alale, anywe dawa. Na dada au kaka akipendana na mtu wa nyumba kama yetu, usiwe wewe wa kwenda kunong'ona.

Baba mdogo sasa anatembelea santa kila mwezi. Analala zaidi. Mwaka jana alifungua mota ya kinu ya jirani, akaitengeneza, akakataa pesa. Ndizi bado haingii. Mimi, agronomu, niling'oa migomba yote iliyokuwa kandokando ya njia ya choo, nikapanda maharagwe, mmea mfupi, unaona mpaka mwisho wa shamba. Mavuno si makubwa. Lakini sasa anapita pale.

Desemba wenzangu wa promosheni walirudi nyumbani. Nilisimama, nikachukua kiti kutoka mkononi mwake, nikamkalisha yeye kwanza. Nikasema: "Huyu ni baba yangu mdogo. Alikuwa fundi wa Bambu. Februari 2003 alizika watu wa Kobu."

Hakusema kitu. Lakini alikaa nasi mpaka jioni.