Nyuso za Somme

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 1916, wakati mapigano ya mto Somme huko Ufaransa yangali yakiendelea, watu wa London waliingia katika majumba ya senema wakavitazama vita ambavyo waume wao, ndugu zao na watoto wao walikuwamo ndani yake siku zile zile. Filamu hiyo, The Battle of the Somme, ilikuwa kazi ya wapiga picha wawili, Geoffrey Malins na John McDowell. Haikuwa na sauti, ilidumu kwa zaidi ya saa moja, na yakadiriwa kuwa katika majuma sita ya mwanzo tiketi zake zilizouzwa zilipata milioni 20.

Alfajiri ya tarehe 1 Julai Malins aliwafikia askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers, waliokuwa wamejibanza katika njia iliyozama baina ya kingo mbili, karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel, wakingoja amri ya kushambulia. Wameketi bega kwa bega, bunduki mikononi, migongo yao imeegemea udongo. Mmoja anatabasamu kama afanyavyo kijana yeyote anayepigwa picha, na mwingine anatutazama kwa macho ya mtu ambaye fikira zake zimekwisha kwenda mbali. Saa moja na dakika 20 baruti iliyofukiwa chini ya kilima cha Hawthorn ikalipuka, na udongo ukapanda angani mbele ya kamera ya Malins; saa moja na nusu askari wakatoka wakauelekea moto wa bunduki za rashasha, na wengi katika wale tuliowaona wameketi waliuawa au wakajeruhiwa asubuhi ile ile. Kwa siku hiyo moja Waingereza waliouawa walizidi 19,000, na jumla yao pamoja na majeruhi na waliopotea ilipita 57,000.

Katika filamu hiyo imo sehemu nyingine, mashuhuri zaidi, ambapo askari wanapanda kutoka handakini na wawili watatu wanaanguka kana kwamba wamepigwa risasi. Watazamaji wa wakati ule walishtuka mno kwa kuiona, lakini wataalamu wamekwisha thibitisha kuwa ilikuwa maigizo, iliyopigwa nyuma ya medani, mbali na hatari. Mimi naona kuwa aliyeanguka kwa kuigiza hanishtui hata nusu ya yule anayeketi kando ya njia akitabasamu. Na ipo picha isiyo na shaka: askari anakuja mbio mbio ndani ya handaki, amembeba mwenzake mgongoni, kichwa cha majeruhi kikining'inia, na maandishi yanatuarifu kuwa aliyebebwa alifariki muda mfupi baadaye. Hensley Henson, mkuu wa kanisa kuu la Durham, alilalamika gazetini kuwa kuionyesha filamu hiyo ni kuwadhulumu waliofiwa; lakini waliofiwa wenyewe walikwenda kwa maelfu, wakitaraji kuiona sura wanayoijua.

Mfaransa Abel Gance alikwenda mbali zaidi. Katika filamu yake J'accuse, iliyotoka mwaka 1919, wafu wanafufuka na kurudi vijijini mwao kuwauliza walio hai kama kufa kwao kulikuwa na faida. Na walioigiza wafu hao walikuwa askari hasa, waliopewa likizo fupi kutoka vitani, ambao wengi wao, kwa maelezo ya Gance mwenyewe, walirudi mstari wa mbele wakauawa katika majuma machache yaliyofuata. Kisha mwaka 1930 Lewis Milestone, huko Marekani, alikitengeneza kitabu cha Erich Maria Remarque juu ya vita hiyo kuwa filamu, na mwishoni mwake hakuonyesha maiti wala damu, bali mkono mmoja unaonyoshwa polepole kumfuata kipepeo, kisha unatetemeka na kulegea. Wafuasi wa Hitler waliivuruga filamu hiyo mjini Berlin hata serikali ikaipiga marufuku kabla mwaka haujaisha, na sishangai, kwani anayetaka kuwapeleka vijana vitani hapendi mkono ule uonekane.

Nayaandika haya nikiikumbuka vita hiyo hiyo kama ilivyopiganwa kwetu, kutoka Tanga na Taveta hadi ng'ambo ya Ruvuma. Uzito wake waliuchukua wapagazi kwa vichwa na mabega, wakitumwa kwa nguvu na Waingereza na Wajerumani. Na katika wale wa Waingereza peke yao, hesabu ya serikali yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 40,000, vingi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Sijapata kuona filamu ambayo mmoja wao ameketi kando ya njia, ameutua mzigo wake, akatutazama usoni kama wale vijana wa Lancashire. Aliye na picha ya babu yake aliyekwenda na msafara ule, hata iwe imefifia, na aandike nyuma yake jina lake na kijiji chake. Maana kumbukumbu waliyoachiwa wengi wao ni jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ambalo Dar es Salaam na Nairobi tunalitaja kila siku tuendapo sokoni.